Nilivyotupa Pikapu ya Mafabi

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Mvua imenyesha tangu tulipotoka kanisani na sasa ndiyo imeacha, mabati yanadondosha tu. Mke wangu amepitiwa na usingizi kwenye kochi. Mimi nimekaa barazani hapa Mpumudde, Jinja, na simu yangu, na moyo wangu ni mwepesi kuliko ulivyokuwa juma zima.

Nina jambo la kukiri. Mawili, kusema kweli. Kutupa, na kudanganya.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi umeme wa majumba. Navuta nyaya, nafunga swichi, napanda kwenye dari za watu. Nilizaliwa upande wa Kenya, karibu na Malaba, nikaja Jinja kijana kutafuta kazi ya kiwandani, nikaoa, nikabaki. Mke wangu anaitwa Nambozo, ni mwalimu wa shule ya msingi, kwao Mbale. Nyumbani namwita Mama Sifa, kwa jina la binti yetu aliyeko Kampala.

Na Mama Sifa anapiga gitaa la umeme.

Watu wakisikia hivyo hucheka kidogo, mpaka wamsikie. Ana miaka arobaini na tisa, anavaa gauni refu la gomesi na viatu vya chini, anainama juu ya gitaa lile jekundu kama mtu anayechambua mchele, na kanisa zima linatulia. Mimi nilimwona kwa mara ya kwanza hivyo hivyo, kanisani Mbale, nilipokwenda kufunga taa za madhabahuni. Nilikuwa juu ya ngazi, wao wanafanya mazoezi. Nilisikia sauti nyembamba, ya puani kidogo, tamu, nikageuka kuangalia inatoka wapi. Nilifunga balbu ileile mara tatu.

Sasa tangu mwanzoni mwa mwaka gitaa limekuwa linasumbua. Mara linavuma kama nyuki, mara linakatika, yeye analipiga kofi linaamka. Jumapili moja lilikatika katikati ya wimbo na halikuamka tena. Kwaya iliendelea. Yeye alilivua taratibu, akaliegemeza ukutani, akasimama akipiga makofi na wengine. Njiani kurudi alisema neno moja tu: "Labda limechoka."

Nililifungua na kulipima kwa mita. Tatizo lilikuwa pikapu.

Niwaeleze. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna vidude viwili vyenye sumaku, na kila kimoja kimezungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi ukitetemeka juu yake, kidude kinapata umeme kidogo sana na kuupeleka kwenye amplifaya. Hayo ndiyo masikio ya gitaa. Kidude hicho kinaitwa pikapu. Ndiyo, kama gari. Nilipompigia rafiki yangu dereva wa lori na kumwomba aniletee pikapu mbili kutoka Nairobi, aliniuliza nimeshinda bahati nasibu gani.

Alizileta. Mpya, zinang'aa, kwenye boksi dogo. Nami nikapata mpango.

Kaka yake Mama Sifa, Mafabi, anaumwa. Mafabi ni fundi wa kusuka mota. Mota ya mashine ya unga ikiungua, pampu ya maji ikiungua, watu wa Mbale walikuwa wanampelekea yeye, anatoa shaba iliyoungua na kuzungusha mpya kwa mkono. Mwaka jana mikono ikaanza kutetemeka. Madaktari wamempa dawa, lakini mtetemo haujaisha, na miezi mitatu iliyopita alifunga karakana. Mama Sifa aliomba ruhusa shuleni, Jumatano ya juma lililopita akaenda kumwona. Nikajiambia: akirudi na huzuni yake, akute gitaa lake linaimba.

Kazi ilinichukua siku mbili. Mimi nimezoea nyaya nene zinazopita ukutani. Zile za gitaa ni kama za kutengenezea saa. Nilifunga mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili likanguruma kama trekta. Nikaangalia video kwenye simu, nikakuta nimegeuza waya wa ardhi. Mara ya tatu nilipopitisha kidole kwenye nyuzi, sauti ikajaa nyumba, safi, bila kelele hata chembe. Sijui kupiga gitaa, lakini niliruka mle ndani peke yangu.

Zile za zamani? Moja ilikuwa ya kiwandani, imepata kutu. Nyingine ilikuwa mbaya sana kuiangalia: imefungwa kwa tepu ya kahawia, imepakwa nta ya mshumaa, vumbi la miaka. Nilizitupa kwenye katoni pamoja na swichi zilizovunjika na vipande vya nyaya. Ijumaa alipita mnunuzi wa vyuma chakavu na baiskeli yake. Nikampa katoni nzima bure ili baraza liwe safi.

Nilifagia hata lile vumbi lililobaki.

Mama Sifa alirudi Jumamosi jioni. Alikuwa amechoka, macho yameingia ndani. Nikamkalisha, nikampa chai, nikamletea gitaa. Akapiga. Uso ukafunguka, akapiga tena, akaniangalia. "Baba Sifa, umefanya hii wewe?" Nikavimba kifua. Akapiga wimbo mzima, na mwishoni akabaki amekaa na kiganja juu ya nyuzi.

"Ile ya Mafabi umeiweka wapi?"

"Ipi ya Mafabi?"

"Ya juu, karibu na shingo ya gitaa. Aliyoizungusha mwenyewe. Si nilikuambia?"

Na kweli aliniambia. Hapa ndipo aibu yangu inapoanzia. Aliniambia mwaka wetu wa kwanza wa ndoa, jioni moja, na mimi nilikuwa nasikiliza mpira redioni. Goli nalikumbuka mpaka leo. Maneno ya mke wangu nilishika nusu: kwamba kaka yake "alitengeneza" gitaa. Nikachukulia alirudishia waya fulani. Miaka ishirini na mbili nimeishi na gitaa hilo ndani ya nyumba na sikuwahi kuuliza alitengeneza nini.

Nilipaswa kusema palepale. Badala yake mdomo wangu ukasema, "Iko kwenye mkoba wa kazi. Nimeihifadhi."

"Asante," akasema. "Nilijua huwezi kuitupa."

Jumapili alipiga kanisani na pikapu mpya. Watu walikuja kumpongeza, na yeye akasimama mbele, akasema mume wake ndiye aliyelifufua gitaa. Wakanipigia makofi. Nilikuwa natoka jasho mgongoni kama niko darini mchana.

Jumatatu asubuhi nikamtafuta yule wa baiskeli kwa simu. Akaniambia mzigo wa Ijumaa aliupeleka Buwenge, kwa mama mmoja anayekusanya vyuma nyuma ya soko. Nikaacha kazi ya watu, nikaenda.

Nilimkuta amekaa kwenye debe katikati ya vilima vyake: alumini huku, chuma kule, na pembeni moto unafuka. Nikamuuliza moto ni wa nini. Akasema nyaya za shaba huchomwa kwanza ili plastiki iishe.

Nikaanza kuchimba kwa mikono. Mifuniko ya sufuria, betri, rimu za baiskeli, tumbo la friji. Yule mama akaniuliza:

"Bwana, umepoteza pete ya ndoa?"

"Ni kama hiyo."

"Basi ngoja." Akainuka, akaja kuinama upande wa pili wa kilima, naye akaanza kuchimba. Nilimweleza ninachotafuta. Akasimama wima. "Kenye sumaku? Kadogo hivi?" Akaenda kwenye kopo lake la maziwa, akamwaga sumaku chini, na katikati ya sumaku za spika na za dinamo kikawamo kile kidude, bila tepu, nyuzi za shaba zinaning'inia kama ndevu.

"Hii nilivuta, ikakatika. Nikavuta, ikakatika tena. Nyembamba kama nywere. Waya ya bule kabisa, bwana."

Nikakichukua. Kwa mara ya kwanza nikakigeuza. Kwa chini, kwenye plastiki nyeusi, mtu alikuwa amekwaruza kwa msumari, herufi moja moja: NAMBOZO.

Laiti ningekigeuza tu siku ile. Ni hilo tu.

Yule mama alikataa nimpe chochote. Alisema pete haiuzwi.

Nilipofika nyumbani, Mama Sifa alikuwa hapa barazani anasahihisha madaftari. Sikukaa. Nikaweka pikapu juu ya daftari lililokuwa wazi mbele yake. Akaiangalia, akaigeuza, akasoma jina lake.

Nikamwambia yote.

"Kwa hiyo jana," akasema polepole, "mimi nasimama kanisani nakushukuru mbele ya watu, hii iko kwenye takataka."

"Ndiyo."

"Na wewe unajua."

"Najua."

"Kutupa ningekusamehe saa ileile. Hukujua. Lakini Jumamosi uliniangalia usoni, Baba Sifa."

Akaifunga kwenye kitambaa chake cha mkononi, akaendelea kusahihisha. Nilisimama pale nikaona anatia alama ya vema kwenye hesabu ambayo hata mimi nilijua imekosewa.

Siku mbili zilizofuata hakuninunia. Ingekuwa afadhali. Alipika, akapakua, tukala, akaniuliza habari za kazi kwa sauti ile anayowauliza nayo wazazi wa wanafunzi. Nilikuwa natamani anitukane kidogo.

Jumatano jioni nilikuwa naosha bakuli. Akasimama kwenye mlango wa jikoni.

"Ijumaa nikitoka shule nakwenda Mbale. Naogopa kumwonyesha Mafabi hii pikapu peke yangu. Utakuja?"

Nikasema ndiyo papo hapo.

Niseme kidogo juu ya Mafabi, ili mjue kwa nini na mimi nilikuwa naogopa. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, hakupenda Kiswahili. Kwa watu wa umri wake Kiswahili kilikuwa ndicho kilichogonga mlango kikiwa na buti na bunduki. Siku nilipokwenda kujitambulisha, nikafungua mdomo na Kiswahili changu cha Malaba, yeye akainuka akaingia chumbani. Nikajua nimekwisha. Mafabi ndiye aliyemfuata. Nilimsikia kupitia pazia akimwambia kwa Kimasaba, lugha yao, na Mama Sifa akanitafsiria kwa kunong'ona: "Huyu si askari, Mama. Huyu ni fundi wa balbu. Hata panya anamwogopa." Mama akacheka, akatoka. Kwa hiyo mke wangu mimi nilipewa na Mafabi.

Ijumaa hiyo tulimkuta Mafabi amekaa nje, mlima wa Wanale uko nyuma yake na maji yanashuka kwenye ukuta wa mlima kama uzi mweupe. Amepungua. Mkewe alimletea chai nusu kikombe ili isimwagike, akaishika kwa mikono miwili, na bado ikawa inacheza. Alituona tukitazama, akaiweka chini.

Mama Sifa akafungua kitambaa. "Kaka," akasema, akaisogeza mbele yake.

Mafabi akainama. Akaiangalia kwa karibu, akamwangalia dada yake, akaniangalia mimi.

"Hii kitu bado iko?" akasema. "Shemeji, mimi nilifikiri munatupa zamani!"

"Nimeitupa," nikasema. "Juma lililopita."

"Ulichelewa!"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, mkewe akatoka ndani kuona kuna nini. Alisema miaka yote hii amekuwa akiona haya kumwambia dada yake kwamba ile pikapu haikuwa sawa tangu siku ya kwanza. Gitaa alilipata kwa bendi ya baa iliyovunjika, pikapu ya juu imekufa. Yeye wakati ule alikuwa anajifunza kazi. Waya mwembamba hivyo karakana haikuwa nao, kwa hiyo akafungua simu ya mezani iliyoharibika, akatoa waya kwenye koili ya kengele yake, akazungusha kwenye kipande cha kesi ya betri ya gari mpaka waya ukaisha.

"Ilikuwa kidogo. Haikutosha. Ndiyo maana sauti inaimba na pua."

Mama Sifa alikuwa analia na kucheka. Sauti ile iliyonifanya nigeuke juu ya ngazi, kumbe ilikuwa upungufu wa waya.

Basi Mafabi akasema, kama mtu anayewaza kwa sauti, kwamba mjini Kampala sasa waya wa saizi hiyo unapatikana, rola nzima, anaweza kuagiza na safari hii pikapu ikajaa vizuri. Kisha akakuna kichwa. "Ao iko ile pacha yake." Kengele ya simu, akatueleza, ina koili mbili zinazolingana. Alitumia moja. Nyingine hakuwahi kuitupa.

"Chagua wewe. Waya ya kutosha, ao ile ile kidogo?"

"Ile ile kidogo," Mama Sifa akasema, hata bila kupumua.

Jana asubuhi tukafungua karakana. Miezi mitatu imefungwa, buibui wamejenga mpaka kwenye kitasa. Mafabi alituambia kila kitu kilipo bila kuangalia: koili iko kopo la tatu, keke ya mkono ya kutobolea mbao iko nyuma ya mlango, nta iko dirishani. Tukaibana keke mezani, tukafunga kile kidude kwenye meno yake. Mimi nikapewa kazi ya kuzungusha mpini. Mama Sifa akawa anauongoza waya kwa ncha za vidole. Mafabi akakaa katikati na bakuli la maharage, kila mizunguko mia anatoa harage moja na kuliweka mezani. Alisema mara ya kwanza alikuwa mjinga, hakuhesabu; safari hii iandikwe.

"Polepole, shemeji! Hii si mashine ya unga!"

"Polepole nimeenda."

"Enda polepole ya polepole."

Alikuwa anafoka. Wallahi alikuwa anafoka, na mkewe amesimama mlangoni na ungo wake, ameshika mdomo, kwa sababu miezi mitatu mtu huyu alikuwa hasemi ila akiulizwa.

Tulipokaribia harage la ishirini na tatu nilipiga chafya. Waya ukakatika.

Ncha mbili zilikuwa zinaelea hewani, huzioni mpaka mwanga uzipate. Mafabi akasema si tabu, huungwa: unakwaruza rangi ya juu kwa wembe, unasokota ncha mbili, unagusisha tone la risasi ya kuchomea. Akavuta kiti, akachukua wembe.

Nilitaka kuangalia pembeni lakini sikuangalia. Alijaribu mara nne. Mkono wake wa kulia ulikuwa unakwenda na kurudi, na waya ulikuwa unamkimbia. Mara ya nne alikata kipande chenye urefu wa kidole. Akauweka wembe mezani taratibu sana, akabaki akiitazama mikono yake kama ni ya mtu mwingine aliyekuja bila kualikwa.

Mama Sifa akauchukua wembe.

"Niambie," akasema. "Nakwaruza kuelekea wapi?"

Mafabi hakuinua macho.

"Kaka. Kuelekea wapi?"

"Nje," Mafabi akasema. "Enda nje. Usibonyeze. Ni kama unamnyoa mtoto."

Mama Sifa akakwaruza, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo, kama anavyofanya akitunga uzi kwenye sindano. Mafabi akasogeza kichwa mpaka vipaji vyao vya nyuso vikakaribia kugusana, anaelekeza kwa sauti ya chini, nusu Kiswahili nusu Kimasaba. Sokota mara tatu. Kata mkia. Sasa risasi, kidogo, kidogo, toa! Mimi nilishika pasi ya kuchomea na pumzi yangu. Ulipoungika, akauvuta kidogo kwa kucha. Ukashika.

"Leo wewe ni mikono yangu," Mafabi akamwambia. Akachukua bakuli lake, akaweka harage la ishirini na tatu.

Waya uliisha kwenye harage la hamsini na nne. Tukachovya kwenye nta, tukafunga tepu, Mama Sifa mwenyewe akahakikisha jina liko chini na linasomeka. Gitaa na amplifaya yake tulikuja navyo; kuirudisha humo ndiyo kazi waliyoniachia, na niliifanya mara moja tu, bila trekta. Ile mpya ya chini nikaiacha palepale ilipo. Hata Mafabi alisema hiyo ni nzuri, nisijitese.

Kisha Mama Sifa akapiga.

Sitawadanganya kwamba najua kama ni sauti ileile. Mama Sifa anasema ndiyo hiyo hiyo. Mafabi anasema ni bora, kwa sababu aliyeongoza waya safari hii ana vidole vya maana. Mimi najua kwamba alipopiga ule wimbo waliokuwa wakifanyia mazoezi siku ya balbu, nilijikuta nimeshika fremu ya mlango. Mafabi alikuwa amefumba macho. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, inatetemeka vilevile, haikuacha. Lakini hakuificha.

Njiani kurudi Jinja jana jioni, tulipovuka Iganga, Mama Sifa aliegemea bega langu. Nikamwambia sitamdanganya tena. Akasema, "Utanidanganya tena, kwa mambo madogo. Hili kubwa usirudie." Akalala.

Leo kanisani alitumia pikapu zote mbili, anahama hii na ile kwa swichi. Hakumshukuru mtu mbele ya watu. Alipomaliza kupiga alinitafuta kwa macho tu, na hiyo ilinitosha kabisa.

Na sasa hivi, nikiwa katikati ya kuandika, simu yake imelia ndani. Amepokea kwa sauti ya usingizi, halafu nimesikia akicheka. Ni Mafabi. Tulipoondoka jana watu waliona karakana iko wazi, na mtu wa Sironko akashusha mota ya mashine ya unga. Mafabi hakumkatalia. Amepiga kumuuliza dada yake, "Mimi nilishakubali. Sasa tunafanya namna gani?"

Ametoka barazani kunieleza, kanga begani, alama ya mto shavuni. Shule zinafungwa Ijumaa. Jumamosi asubuhi anakwenda Mbale, atakaa likizo yote, awe mikono ya kaka yake mpaka mota iishe, na kama zitakuja nyingine, zije. Ameuliza kama nitaweza kujipikia. Nimesema nitaweza. Amenitazama, akajua hilo ni katika yale mambo madogo.

"Maliza hiyo nyumba ya Budondo na wewe uje," amesema. "Mota ya unga ina waya mnene. Hiyo hata wewe hutaikata."

Nyumba ya Budondo ina vyumba vinne na jiko la nje. Mabomba ya nyaya nimeshayapitisha, zimebaki soketi na taa. Kesho nikiwa juu ya ngazi saa moja kamili, nikiacha kupiga soga na mwenye nyumba, huenda Jumamosi tukaondoka pamoja.